Tochi kwenye Kioo

Inawaka sekunde mbili, kisha giza.
Sekunde mbili: unaona saa pembeni, unaona kona ya kitu cheupe,
halafu basi, mtu amefumba jicho.
Valiko anasema, itupe, tununue nyingine.
Valiko, ambaye hajawahi kutupa hata kamba ya kiatu.

Mimi nilikata tiketi za reli miaka thelathini na mmoja
hapa Kutaisi, na kituoni tulifundishwa hivi:
treni isipofika, usianze na dereva,
anza na njia.
Basi nikaanza na soketi. Nikachomeka birika, likachemka.
Nikabadili waya wa umeme. Nikang'oa kebo ya picha,
nikaipuliza, nikairudisha, nikakaza skrubu zake mbili.
Sekunde mbili. Giza.
Kompyuta yenyewe inavuma chini ya meza, haina habari,
na kitaa cha kijani kwenye ukingo wa skrini kinanitazama
kama karani anayesema kila kitu kiko sawa.

Usiku, Valiko kalala na redio yake,
nikazima taa ya sebuleni, nikachukua tochi,
nikakimulika kioo kwa upande, pua karibu kugusa.
Picha ilikuwamo.
Haikufa. Taa ya nyuma ndiyo iliyozimika;
mambo yote yako pale pale, rangi ya moshi.
Nikasogeza tochi kiganja kwa kiganja
na herufi zetu za mviringo zikajitokeza
kama dengu chini ya maji.

Barua. Haijatumwa. Kwa binti yetu, Bari:
*Teona, mama yako asijue.
Jicho la kushoto limeingia ukungu.
Ngazi nazihesabu kwa mguu. Magazeti
nayafunua tu ili*

Ikaishia hapo, kishale kikipepesa.
Nikazima tochi.
Nje mvua ilikuwa ikinyesha bila haraka, mvua ya Januari.

Asubuhi, alipokwenda kununua mkate,
nilikuwa nimeshachomoa waya nusu saa nzima,
maana umeme hubaki ndani kama kinyongo:
mwenye nyumba kalala, wenyewe uko macho.
Nikafungua mgongo kwa kisu cha siagi
na kadi ya benki iliyofilisika.
Klipu moja ikavunjika, mlio wake ukaniuma jino.
Na pale, kwenye bodi ya umeme,
kapasita saba wamesimama kama abiria;
wawili vichwa vimevimba,
mmoja katokwa na ute wa kahawia miguuni.

Kibandani kwa Gocha: lari mbili na nusu, zote mbili.
Akauliza, nani anatengeneza?
Nikasema, mtu.

Mkono ulitetemeka. Tone la lehemu likaanguka,
likatoboa kitambaa cha marehemu mama mkwe. Anisamehe.
Ya pili niliigeuza, hasi penye chanya;
mstari mweupe niliuona imeshaganda.
Nikaing'oa, nikaanza upya,
nikimlaani aliyebuni vidole vinene.

Ikawaka. Nikahesabu hadi mia mbili.
Skrubu moja imebaki, sijui ni ya wapi.

Barua sikuifuta, wala sikuituma.
Niliingia kwenye mipangilio tu,
nikakuza herufi mara moja,
nikasita, nikakuza tena.

Valiko akaja na kipande cha mkate wa mahindi, akaketi,
akageuza uso kidogo kushoto,
jicho la kulia likitangulia, kama afanyavyo siku hizi.
"Mbona maandishi yamenenepa?"
"Ndivyo ilivyorudi," nikasema.
"Kitu kikishafunguliwa hurudi na tabia."

Akatazama kwa muda mrefu. Makombo yakamwangukia magotini.
"Balbu ya ngazini nayo," akasema, "hafifu."

Nikaenda kutafuta kiti cha kupandia.